Mashine Pepe Inachelewa Kuwaka? Usinunue RAM Bado

Umebonyeza kitufe cha kuwasha mashine pepe. Skrini nyeusi. Baada ya muda nembo inatokea na kuanza kuzunguka. Unaenda kubandika chai, unarudi na kikombe mkononi, nembo bado inazunguka. Kama hali hii unaijua, makala hii ni yako.

Mimi iliniijia wakati mbaya kabisa, nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili. Jaribio langu lilikuwa rahisi kulieleza: nina seva ndogo ndani ya mashine pepe, naishambulia kwa makusudi, kisha napima programu ya kugundua uvamizi inachukua muda gani kupiga kengele. Sharti lilikuwa moja: kila mzunguko uanze na mashine iliyowashwa upya, ili mabaki ya shambulio lililopita yasichafue matokeo. Nilikuwa na mipangilio 3, kila mmoja ujaribiwe mara 30. Jumla mizunguko 90.

Mashine ilikuwa inachukua sekunde 200 kuwaka. Piga hesabu: 90 × 200 ni sekunde 18,000, yaani saa 5 kamili za kutazama nembo tu, kabla hata ya jaribio lenyewe. Msimamizi wangu alitaka jedwali la kwanza Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, betri ya kompyuta yangu mpakato ilishachoka zamani, na umeme ukikatika katikati ya mzunguko, mzunguko huo unarudiwa.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: "Ongeza RAM." Basi nikaenda mjini, nikanunua RAM ya GB 8 kwa shilingi 80,000, hela yangu ya kula ya wiki mbili. Fundi akaifunga, nikarudi chumbani, nikawasha na kupima tena. Sekunde 198.

Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Siku hizi ukienda zahanati na homa, hupewi dawa ya malaria kabla ya kipimo, kwa sababu homa ni dalili na magonjwa yanayoileta ni mengi. Kuchelewa kuwaka nako ni dalili. Katika makala hii nitakuonyesha namna ya kupima, kisha tutapitia magonjwa yanayotokea mara nyingi, na mwisho nitakwambia changu kilikuwa nini. Kinachekesha kidogo.

Kwanza, mashine pepe ni nini?

Ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Ile ya nje, unayoishika kwa mkono, tunaiita mwenyeji. Ile ya ndani tunaiita mgeni. Katikati yao kuna programu inayogawa rasilimali, inaitwa haipavaiza. VirtualBox, VMware, Hyper-V na KVM zote ziko kwenye kundi hili.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1967, kituo cha utafiti cha IBM kilichoko Cambridge, Massachusetts, Marekani, kilianza kutumia mfumo ulioitwa CP-40. Uliweza kuendesha hadi mashine pepe 14 kwa wakati mmoja juu ya kompyuta moja kubwa, kila mtumiaji akiona kama ana kompyuta yake peke yake.

Mgeni hajui kwamba ni mgeni, au hata akijua, anaishi kama mwenye nyumba. Anatafuta diski, anahesabu kumbukumbu, anauliza mtandao uko wapi. Kila anachoomba, anaomba kupitia kwa mwenyeji. Kwa hiyo akichelewa, tatizo linaweza kuwa kwake, kwa mwenyeji, au kwenye mlango kati yao. Ndiyo maana kukisia ni rahisi sana na kupatia ni vigumu.

Na usidhani mashine pepe kwa asili yake ni nzito. Mwaka 2018 kampuni ya Amazon ilitoa haipavaiza iitwayo Firecracker, inayoweza kumfikisha mgeni wa Linux kwenye hatua ya kuanza programu zake ndani ya milisekunde 125, yaani sehemu moja ya nane ya sekunde. Siri yake kubwa ni kwamba mgeni huyo anakuja bila mizigo: vifaa vichache tu, keneli iliyopunguzwa, hakuna cha kutafuta wala kusubiri. Wageni wetu wa kawaida wanakuja na mabegi saba, na kuna begi linalosubiriwa ambalo lilishapotea njiani.

Mbio za kupokezana kijiti

Mashine inapowaka, kazi hupita mikononi mwa wakimbiaji watano, na kila mmoja humkabidhi mwenzake kijiti.

Wa kwanza ni fimwea, ile programu ndogo ya BIOS au UEFI. Inakagua vifaa na kutafuta diski ya kuanzia.

Wa pili ni kipakiaji, ambacho kwenye Linux mara nyingi ni GRUB. Kinasoma keneli kutoka kwenye diski na kuiweka kwenye kumbukumbu.

Wa tatu ni keneli yenyewe, moyo wa mfumo endeshi. Inatambua vifaa na kutafuta diski kuu, ikisaidiwa na kifurushi kidogo cha muda kinachoitwa initramfs.

Wa nne ni msimamizi wa huduma. Kwenye Linux nyingi za leo ni systemd. Huyu ndiye anayewasha mtandao, hifadhidata, seva ya wavuti na vingine vyote, vingi kwa mpigo mmoja.

Wa tano ni mazingira ya kazi: skrini ya kuingia, dirisha, aikoni zako.

Timu ikishika mkia, swali la kwanza ni kijiti kilikaa mkononi mwa nani. RAM niliyonunua ilikuwa sawa na kumnunulia viatu vipya mkimbiaji ambaye hakuwa na kosa.

Namna ya kupima

Anza na saa ya simu. Sijatania. Bonyeza kitufe na saa kwa pamoja, kisha andika muda kila skrini inapobadilika: menyu ya GRUB imetokea lini, nembo lini, skrini ya kuingia lini. Rudia mara tatu, maana mara ya kwanza baada ya kuwasha mwenyeji huwa ndefu kuliko ya pili. Safari ya pili mwenyeji anakuwa tayari ameshika sehemu ya data kwenye kumbukumbu yake.

Kisha, kama mgeni wako ni Linux yenye systemd, fungua terminali na uandike:

systemd-analyze

Yangu ilijibu hivi:

Startup finished in 40.6s (kernel) + 2min 14.1s (userspace) = 2min 54.7s

Sehemu ya kwanza ni muda wa keneli, ya pili ni muda wa huduma, ya mwisho ni jumla. Saa ya simu ilisema sekunde 200, systemd inasema karibu 175. Tofauti ya sekunde 25 iko nje ya macho yake: fimwea na GRUB mwanzoni, mazingira ya kazi mwishoni. Tayari tunajua mengi. Huduma zinakula zaidi ya dakika 2, na keneli inachukua sekunde 40, ambazo kwa keneli ni nyingi mno.

Amri ya pili inapanga huduma kuanzia iliyochukua muda mrefu:

systemd-analyze blame

Hapa kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza: huduma nyingi huwaka sambamba, kwa hiyo usijumlishe namba hizo ukidhani utapata muda wote. Huduma ya sekunde 20 inaweza kuwa haikumchelewesha mtu yeyote. Mtego wa pili ndio ulioninasa mimi, nitaurudia mbele.

Amri ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi:

systemd-analyze critical-chain

Hii inaonyesha mnyororo wa waliosubiriana: nani alimsubiri nani mpaka mwisho. Alama ya @ ni wakati huduma ilipokuwa tayari, na alama ya + ni muda iliotumia kuwaka. Tafuta pengo kubwa kati ya mistari miwili. Pengo ndilo lenye habari.

Kama mgeni wako ni Windows, nayo huandika rekodi. Fungua Event Viewer, ingia Applications and Services Logs, kisha Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, halafu Operational. Tukio namba 100 linataja muda wa kuwaka kwa milisekunde, na matukio yanayofuatia namba hiyo hutaja programu au kifaa kilichochelewesha.

Sasa twende kwenye magonjwa yenyewe, kwa mpangilio wa wakimbiaji wetu.

Kabla ya keneli: mlango umefungwa

Prosesa za Intel tangu mwaka 2005, na za AMD tangu 2006, zilianza kuja na uwezo maalumu wa kubeba mashine pepe, VT-x na AMD-V. Uwezo huu ukizimwa kwenye BIOS ya mwenyeji, programu nyingine hukataa kuwasha kabisa, na nyingine kama QEMU huigiza prosesa nzima kwa programu, amri moja baada ya nyingine. Hapo kila kitu kinakuwa polepole, siyo kuwaka tu.

Kuangalia ni rahisi. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, na usome mstari wa Virtualization. Kwenye Linux andika ls /dev/kvm. Faili likiwepo, uko salama.

Kwa watumiaji wa VirtualBox juu ya Windows kuna dalili nyingine: angalia chini ya dirisha la mgeni, upande wa kulia. Ukiona picha ya kobe wa kijani, maana yake Hyper-V ya Microsoft imeshaikalia prosesa, na VirtualBox inalazimika kupitia kwake. Waliotengeneza picha hiyo walikuwa wakweli. Unaweza kuzima Hyper-V, lakini fikiria kwanza: WSL 2 na baadhi ya kinga za usalama za Windows zinaitegemea.

Angalia pia mpangilio wa vifaa vya kuanzia. Kama mtandao umewekwa mbele ya diski, mgeni atatafuta kwanza seva ya kumwasha mtandaoni, ataikosa, ndipo arudi kwenye diski. Na kwenye Ubuntu, mashine ikiwa ilizimwa vibaya safari iliyopita, kwa mfano umeme ulikatika ikiwa bado inawaka, GRUB inaweza kukuonyesha menyu na kusubiri sekunde 30 ili uchague. Bonyeza Enter, maisha yaendelee.

Diski: hesabu ya sinia linalozunguka

Hapa ndipo wengi wenye kompyuta za mtumba wanapoumia. Diski ya zamani ya kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kwa wastani, data unayoitaka iko nusu mzunguko mbele, hivyo unasubiri kama milisekunde 5.6. Ongeza kama milisekunde 12 za kichwa cha kusomea kuhama mahali. Jumla kama 17 au 18 kwa ombi moja, yaani maombi chini ya 60 kwa sekunde.

Kuwaka kwa mfumo endeshi ni kusoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Chukua vipande 3,000: gawanya kwa 60, unapata sekunde 50. Diski ya SSD huweza kuhudumia makumi ya maelfu ya maombi kama hayo kwa sekunde, kwa sababu haina sinia la kuzunguka wala kichwa cha kuhamisha. Ndiyo maana, kama kweli unayo hela na vipimo vinaonyesha diski ndiyo inayokwamisha, SSD hufanya zaidi ya RAM.

Utajuaje? Mgeni akiwa anawaka, fungua Task Manager ya mwenyeji uangalie diski. Ikiwa 100% huku prosesa imetulia, umepata jibu. Kwenye Linux, amri ya top ina namba inayoandikwa wa. Ikiwa kubwa, prosesa inaisubiri diski.

Kabla ya kununua chochote, jaribu haya bure. Hamisha faili la diski ya mgeni kutoka kwenye flashi au diski ya nje na uliweke ndani ya kompyuta. Punguza snepshoti zisizo na kazi, maana kila moja huongeza tabaka ambalo huenda likalazimika kupekuliwa. Angalia kama programu ya kuzuia virusi inalikagua faili zima la mgeni kila anapoligusa. Na kama una wageni watano, usiwawashe wote kwa pamoja; diski ya mzunguko ikipewa foleni tano hukimbia huku na huko bila kumaliza hata moja.

RAM: mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kompyuta, mgeni akila kupita kiasi mwenyeji haponi, na mgeni mwenyewe analala njaa.

Mfano: kompyuta ina GB 8. Windows na kivinjari chenye vichupo ishirini vinatumia GB 4. Unampa mgeni GB 6 ukiamini kwamba nyingi ni bora. 4 + 6 ni 10, na kompyuta ina 8. Mwenyeji anaanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, ile ile tuliyoikuta ina maombi 60 kwa sekunde. Mara nyingi kumpunguzia mgeni kutoka GB 6 hadi 3 humfanya awake haraka zaidi. Prosesa ni vivyo hivyo: kama mwenyeji ana kori 4, usimpe mgeni zote 4, mwache mwenyeji na chake.

Kwa hiyo RAM huweza kuwa tatizo kweli. Ila dalili yake inaonekana: kumbukumbu ya mwenyeji imejaa na diski inahangaika. Yangu haikuwa imejaa. Sikuwa nimeangalia.

Kumsubiri asiyekuja

Hili ndilo kundi linalopotosha watu kuliko yote, kwa sababu kompyuta haifanyi kazi yoyote. Prosesa imelala, diski imelala, na nembo inazunguka. Mashine inasubiri kitu.

Ishara yake ni namba kamili. Ukiona ucheleweshaji wa sekunde 90 au 120, ule ule kila mara, hiyo ni saa ya kusubiri imefika mwisho na systemd imekata tamaa. Muda wa kawaida wa systemd kusubiri ni sekunde 90. Huduma ya systemd-networkd-wait-online husubiri mtandao kwa sekunde 120. Kazi halisi huyumba: leo 41, kesho 47. Kusubiri hakuyumbi.

Mtandao ni mkosaji maarufu. Umempa mgeni kadi mbili za mtandao na moja haijaunganishwa popote. Mfumo unaisubiri mpaka uchoke. Kwenye Ubuntu ya seva, kuandika optional: true chini ya kadi hiyo kwenye faili la netplan kunatosha.

Mwingine ni mashine zilizoandaliwa kwa ajili ya wingu. Ukishusha picha ya namna hiyo na kuiwasha chumbani kwako, programu ya cloud-init inaweza kuanza kuitafuta anwani 169.254.169.254, ambako kwenye wingu kuna seva inayompa mgeni jina na funguo zake. Kwako hakuna kitu kwenye anwani hiyo. Atapiga hodi kwenye nyumba tupu, na huweza kupiga kwa dakika 2.

Kuna na kisa kimoja cha kweli ninachokipenda. Mwaka 2019, wakati Linux 5.3 inakamilishwa, mabadiliko kwenye mfumo wa faili wa ext4 yalipunguza idadi ya safari za diski. Habari njema, siyo? Kumbe baadhi ya kompyuta zikaanza kukwama kabla ya skrini ya kuingia. Sababu: keneli ilikuwa inavuna ubahatishaji wa kutengenezea namba za siri kutokana na matukio yasiyotabirika, yakiwemo yale ya diski. Safari zikapungua, ubahatishaji ukapungua, na programu iliyohitaji namba hizo ikabaki inasubiri kwenye kompyuta ambayo haifanyi kitu. Linus Torvalds akayarudisha nyuma mabadiliko hayo kabla ya kutoa 5.3, na kwenye 5.4 keneli ikafundishwa kujitengenezea ubahatishaji yenyewe inapokwama. Mashine pepe ziliumwa sana na ugonjwa huu kwa sababu hazina kipanya cha kweli wala diski ya kweli. Ukiwa na mgeni wa keneli ya zamani, mpe kifaa kiitwacho virtio-rng, ambacho humletea ubahatishaji kutoka kwa mwenyeji.

Changu kilikuwa nini?

Turudi Jumatano usiku. Niliendesha blame, na huduma iliyoongoza ilikuwa na sekunde 21. Iliyofuata 14. Huku jumla ya huduma ni sekunde 134. Hata ungesema zilipangana foleni, hesabu haikukaa sawa. Na huu ndio mtego wa pili: orodha ya blame huonyesha vilivyowaka vilichukua muda gani. Kilichosubiriwa na hakikuja kabisa, hakimo kwenye orodha.

Critical-chain ilinionyesha pengo la sekunde 90 kabla ya sysinit.target. Namba kamili! Nikaandika:

journalctl -b | grep -i "timed out"

Mstari ukatokea: systemd ilikuwa imechoka kusubiri kifaa chenye namba ndefu ya utambulisho. Nikalinganisha na diski nilizonazo kwa amri ya sudo blkid. Namba hiyo haikuwepo popote.

Nikakumbuka. Wiki tatu nyuma niliipanua diski ya mgeni, na katika kupanga upya niliifuta sehemu ya swopu, nikaitengeneza tena. Swopu mpya ilipewa namba mpya. Lakini faili la /etc/fstab, linalouambia mfumo diski zipi za kutarajia, lilikuwa bado na namba ya zamani. Kila nilipowasha, mashine iliisubiri swopu ya marehemu kwa sekunde 90, ikakata tamaa, ikaendelea kimyakimya bila swopu.

Na zile sekunde 40 za keneli? Kosa lile lile, mara ya pili. Kwenye Debian na Ubuntu kuna faili la /etc/initramfs-tools/conf.d/resume linaloitaja swopu, ili kompyuta iliyolazwa iweze kuamka. Nalo lilikuwa na namba ya zamani, na kifurushi cha initramfs kilikuwa kinaisubiri kwa sekunde 30 hivi kabla ya kumkabidhi systemd kijiti, naye aanze kuisubiri upya.

Tiba ilichukua dakika 3. Nilinakili mafaili yote mawili pembeni, nikaweka namba sahihi ndani yake, kisha:

sudo update-initramfs -u

Nikawasha upya, saa ya simu mkononi. Sekunde 80. Zimeondoka 120: 30 za keneli na 90 za huduma, kama hesabu ilivyosema.

Ukiwa umekwama, fuata mpangilio huu

1. Pima kwa saa mara tatu. Andika.

2. Jua kijiti kimekaa kwa nani: kabla ya keneli, keneli, huduma, au mazingira ya kazi.

3. Mgeni akiwaka, mtazame mwenyeji. Diski 100%? Kumbukumbu imejaa? Au kila kitu kimelala?

4. Ikiwa kuna kinachohangaika, shughulikia diski, kumbukumbu au prosesa. Ikiwa kila kitu kimelala, tafuta kinachosubiriwa kwa critical-chain na journalctl.

5. Chukua snepshoti kabla ya kugusa fstab. Ukikosea humo, mgeni anaweza asiwake kabisa.

6. Badilisha kitu kimoja tu, kisha pima tena. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hutajua kilichokuponya.

Mizunguko yangu 90 ilitoka saa 5 za kusubiri hadi saa 2. Umeme ulikatika mara moja tu, Alhamisi jioni, na nikarudia mzunguko mmoja. Ijumaa jedwali lilikuwa mezani kwa msimamizi. Ile RAM ya shilingi 80,000 bado ninayo, na kivinjari kinaifurahia, lakini wiki ile nilikula maharage mchana na usiku.